Boti ya Mjomba na Maji ya Nduma

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliposimamishwa kwa panga kwa sababu ya kupima maji ambayo hata sikutaka kuyanywa. Nakusimulia kwa kuwa umekuja hapa kibandani kwangu, mtaani Kongo, na boti yako mpya chini ya kwapa na rimoti mkononi, ukaniuliza, "Mzee, huku Kawangware maji ya kuendeshea hii kitu yako wapi?" Ningekuonyesha kwa kidole, ukaenda. Lakini kidole kinaonyesha njia tu, hakikufundishi namna ya kuingia kwa watu. Keti kwanza. Stuli hiyo usiihofie, ni ya mkono ninaoujua.

Wakati ule nilikuwa kijana wa kutengeneza redio, na ulimi wangu ulikuwa mrefu kuliko waya zote nilizokuwa nazo. Nilipatana bei na kila mtu. Nilipatana na mama muuza sukuma wiki, nilipatana na kinyozi kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, na mchungaji wetu nilimwomba apunguze mahubiri. Tena kila nilichopewa nilikihesabu mara mbili, kwa maana hesabu ya kwanza ni ya kujifurahisha, ya pili ndiyo ya kweli. Tabia hiyo ninayo mpaka leo. Siku hiyo karibu initie kaburini.

Mjomba wangu Wekesa ndiye aliyenipokea nilipofika Nairobi kutoka Magharibi mwa Kenya. Alikuwa seremala Kambi Muru, kule Kibera, fundi wa vitanda na stuli. Mguu wake wa kushoto ulipoanza kumkataa, aliamua kurudi nyumbani kabisa, na tiketi ya basi ya Jumamosi ikakatwa. Lakini alikuwa na deni moja na roho yake. Kwa muda mrefu, jioni baada ya kazi, alikuwa akitengeneza boti. Umbo lake lilitoka kwenye mabaki ya mbao za vitanda. Mota niliing'oa mimi kwenye redio ya kaseti, na rimoti ilitoka kwa gari la mtoto lililokufa magurudumu. Ilikuwa na urefu wa mkono mpaka kiwiko, imepakwa vanishi mpaka ukaweza kujionea meno.

Shida ilikuwa moja. Boti hiyo haikuwa imewahi kuona maji zaidi ya karai la kufulia. Ilisonga kidogo, ikagonga ukingo, ikageuka, ikagonga tena.

"Boti ya kwenye karai ni kijiko tu," mjomba aliniambia. "Nikienda nyumbani bila kuiona ikikata maji, basi nimetengeneza stuli yenye injini."

"Si utaiendesha kwenye mto wa nyumbani?"

"Mto wa kwetu unaujua. Unakimbia kama umeitwa. Itafika ziwani kabla sijabonyeza rimoti."

Nikamwambia aniachie mimi. Maji nitayapata kabla ya Jumamosi.

Mwanangu, maji ya boti hayafanani na maji mengine. Yanataka kutulia, kwa sababu mkondo ukiwa na nguvu kuliko mota, boti si yako tena. Yanataka kuwa wazi, kwa sababu magugu hujisokota kwenye ile feni ya nyuma na kuikaba. Na yanataka ukingo unaofikika, maana betri huisha mahali pabaya siku zote. Nilianza na bwawa lililo chini ya Kibera, nikakuta magugu yamelifunika kijani kitupu, mbuzi angeweza kudhani ni malisho. Nikashuka mtoni, nikapanda haraka kuliko nilivyoshuka. Kwa waosha magari kulikuwa na shimo la maji, lakini mwenyewe aliniambia, "Weka tu, bro, lakini itatoka hapo na harufu ya dizeli mpaka ioe."

Upande wa pili wa barabara, kwa matajiri, palikuwa na klabu yenye kidimbwi kizuri kama kioo. Hapo nikaona aibu kusema kweli. Kijana mzima, natafuta maji ya boti ya kuchezea? Nikamwambia askari wa geti kwamba nimetumwa kupima mbu.

"Umetumwa na nani?"

"Na ofisi."

"Mbu wetu wako sawa," akasema. "Salimia ofisi."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa geti.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa nimesimama hapa Kongo nikila nduma ya kuchemsha, nikiwaza nitamwambia nini mjomba. Ndipo akili ikanijia. Nduma ni gimbi, hupenda kulowesha miguu. Palipo na nduma nzuri hapakosi maji. Nikamuuliza mama aliyeniuzia zilikotoka. "Za shosho wa bondeni, Gatina," akasema. "Yule bibi mwenye ploti za mawe pale juu."

Sikungoja chenji, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

Nilifika nikaona nyumba za kupangisha juu na bonde dogo nyuma yake, limezungushiwa ua wa miiba ya kayaba. Nikapata mwanya kwenye ua, nikapenya, nikaacha sehemu ya suruali. Na hapo chini, mwanangu, palikuwa na kidimbwi. Maji ya chemchemi, yametulia, upana wake kama kiwanja cha kanisa, na safu za nduma upande wa chini peke yake. Nilikaribia kulia. Lakini mimi ni mimi. Nikakata ufito, nikachovya kupima kina. Nikapiga hatua kwenye ukingo kutoka kona hadi kona, nikihesabu kwa sauti. Kisha nikarudi nikihesabu mara ya pili.

"Wewe. Unahesabu nini?"

Alikuwa bibi mfupi, kitambaa kichwani, gamboti miguuni, panga mkononi kama mtu aliyezaliwa nalo.

"Maji, shosho."

"Maji hayahesabiwi kwa miguu. Kinachohesabiwa kwa miguu ni shamba. Nani amekutuma?"

Hapo ndipo ningesema kweli nikaenda zangu. Lakini mdomo ulishazoea njia yake. Nikatabasamu, nikasema, "Shosho, tusisumbuane. Sema bei tu, tutaelewana."

Mwanangu, wewe umekulia hapa, unajua nilichokuwa nimesema. Katika mitaa hii, kijana mgeni anayepenya uani, anapima kwa hatua, kisha anauliza bei, ana jina moja tu. Anaitwa broka wa mashamba. Na shosho yule alikuwa amefukuza mabroka wengi, wengine wakiwa na karatasi za kumwonyesha kuwa bonde la baba yake si lake.

"Mnasikia?" aliita kuelekea juu. "Ameuliza bei."

Wapangaji wake wawili, waashi, walikuwa wameshashuka na simiti mikononi. Mmoja akasimama kwenye ule mwanya wangu wa ua. Wa pili akauchukua ule ufito, akauangalia, akauvunja kwenye goti.

"Tumpeleke kwa chifu ama tumwongeleshe hapa hapa?" aliuliza.

"Ngoja," shosho akasema. Akanitazama. "Kijana, nakuuliza mara moja. Unataka nini na maji yangu?"

 Uongo wote niliokuwa nao ulikwisha, nikabaki na ukweli ule wa aibu. Nikasema, "Mjomba wangu ni seremala. Mguu wake ni mbaya, Jumamosi anarudi nyumbani hatarudi tena. Ametengeneza boti ndogo ya rimoti. Natafuta mahali aione ikielea hata mara moja."

 Mwashi wa kwanza akaanza kucheka, akajizuia.

"Mjomba wako ni mtoto?" shosho akauliza.

"Ana mvi, shosho."

"Na hiyo boti inabeba nini?"

"Haibebi kitu. Inaenda, inarudi."

Shosho akalishusha panga. Akachomeka ncha yake kwenye tope, akaegemea mpini kama mtu anayepumzika.

"Sasa sikiliza," akasema. "Ulikuwa na neno zuri hivyo mfukoni, ukaliacha, ukaniletea bei. Nani alikuambia haya maji yana bei? Yangekuwa na bei yangeshauzwa, na mimi ningekuwa nimelala kwenye gorofa na nduma nanunua. Mtu akija na shida yake mkononi, namwona. Akija na pesa mbele, shida yake imejificha nyuma, mimi nitajuaje si kisu?"

Nikaokota vipande vya ule ufito. 

"Huo mwanya utauziba mwenyewe. Kisha mlete huyo mzee wako kesho. Mpite mlangoni. Mlango uko mbele, hata mbuzi wanaujua. Na mkikanyaga nduma yangu hata moja, hapo ndipo tutaongea bei."

Ijumaa mchana nilimleta mjomba kwa boda boda, boti imefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga, nami nikafuata kwa miguu na stuli kichwani. Mjomba alisema mkono mtupu haulambwi. Shosho aliipokea stuli ile, akaitikisa upande huu, akaitikisa upande ule, kisha akaikalia. "Hii haitanitupa," akasema. Ndiyo salamu waliyopeana, na ilitosha.

Mjomba aliinama kwa shida, akaiweka boti majini. Akabonyeza. Ikatoka. Ikakata maji ikiacha mistari miwili nyuma yake, ikageuka pale kati. Mjomba akaifuata kwa macho, mdomo wazi. Kisha ikapotoka upande wa chini, ikaingia kwenye nduma, ikakoroma, ikanyamaza.

Nilianza kuvua viatu niruke. Shosho akanishika mkono. "Ukiingia utavuruga tope na utavunja mashina. Tulia. Maji ya hapa yana tabia yake." Akaenda kwenye kona, pale mfereji wa kumwagilia unapoanzia, akalisogeza jiwe moja lililokuwa limeuziba. Maji yakaanza kutembea polepole. Tukangoja. Boti ikayumba, ikajinasua kinyumenyume, ikaja taratibu mpaka mlangoni mwa mfereji, miguuni pa mjomba.

Aliiokota, akautoa mzizi uliosokotwa kwenye feni, akaifuta mota kwa kofia yake. Akairudisha. Safari hii ikaenda mpaka ng'ambo, ikageuka, ikarudi yote. Mjomba alivuta pumzi ndefu, pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu Kambi Muru.

"Sasa naweza kupanda basi," akasema.

Mwanangu, shosho amelala kaburini, na mjomba naye amelala. Ile stuli ya mjomba binti wa shosho anaikalia hadi sasa. Hiyo uliyoikalia wewe ni pacha wake. Kidimbwi kipo. Gorofa zimekizunguka pande tatu, na kila ninapopita huwa nachungulia mara mbili kuhakikisha, kisha natembea nikiwa mwepesi. Nenda ukaendeshe boti yako huko. Lakini usiende kama nilivyoenda mimi. Mficha uchi hazai. Shida yako isikutie aibu, hata ikiwa ni ya kuchekesha. Itaje kwanza, waziwazi, ndipo mengine yafuate. Usimpimie mtu mali yake kabla hajakujua jina. Na si kila kitu ni cha kupatana bei, maana vingine ukivitajia bei ndipo unavikosa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka maji ya watu sharti abishe hodi.

Piga mfuniko wa sufuria ulioning'inizwa mlangoni kwao kama kengele, useme ni mimi niliyekutuma, na uwasaidie kung'oa magugu kabla ya kushika rimoti. Mungu akupe maji yaliyotulia na betri ya kukurudisha ukingoni. Na kila geti utakalobisha, akutangulizie mtu wa kukuuliza mara moja kabla ya kuita wengine.