Nilisoma hadithi ya mji wa mwezini ili nipate mke, mama mkwe akauliza maji anateka nani

Wakuu, salaam. Wachache mlionizidi umri shikamooni, wengine wote marahaba.

Juzi nimesoma uzi wa vijana humu mnabishana kuhusu movie za anga za juu. Mmoja kauliza: wale watu wa kwenye sayari ya jangwa tupu wanakula nini, nani analima, na yule mfalme wao jeshi analilisha nini? Mwenzake kamjibu, "Mkuu, ni movie tu, acha ujuaji."

Nikaona nisinyamaze, maana swali hilohilo nusura lininyime mke. Nitayasema yalivyokuwa, pamoja na yale yanayonitia aibu mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala.

Temeke ya wakati ule ilikuwa nyumba za udongo na makuti, mikorosho kila upande, na bomba moja la maji kwa mtaa mzima. Mie kijana nimesoma mpaka darasa la nane, napanga mafaili kwenye ofisi moja mjini, nina baiskeli, na kalamu ya wino mfukoni hata siku za mapumziko. Kwa kifupi nilikuwa najisikia sana.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Bi Sauda, mjane, muuza vitumbua. Binti yake aliitwa Zaina. Nilimpenda Zaina mpaka nikawa nanunua vitumbua hata nikiwa nimeshiba.

Nikapeleka barua ya posa kupitia kwa mjomba wangu.

Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Kwa desturi zetu barua ikirudishwa ndiyo umekataliwa, kwa hiyo isiporudi unaendelea kutumaini, huku unakonda. Bi Sauda alimwambia mjomba neno moja tu: "Bado namtazama."

Nikaamua kumpa cha kutazama.

Nilikuwa naandika hadithi kwenye daftari, habari za mji wa watu wanaoishi mwezini. Nyie leo mnaita sci-fi. Pale mtaani hatukuwa na jina lake, waliita uongo wa Shabani.

Jumapili alasiri nikaenda kukaa barazani kwa Bi Sauda. Majirani wakajaa, Zaina akawa ndani nyuma ya dirisha, nikaanza kusoma kwa sauti ya kumfikia.

Mji wangu ulikuwa mzuri mno. Hakuna kodi ya kichwa. Hakuna Bwana Shauri wa wilaya wa kukuita ofisini. Kila mtu ni mheshimiwa mwenye kanzu nyeupe na cheo. Adhuhuri inapigwa kengele, wali wa nazi unatokea, watu wanakula, kisha wanarudi kujadili mambo ya maana.

"Hapo pa kodi," akasema Mzee Komba, mtu wa Songea aliyekuwa akibeba mizigo bandarini. "Kama hakuna kodi, hiyo kengele kanunua nani?"

Nikasema watu walijitolea.

"Na wote ni waheshimiwa?"

"Wote, mzee."

"Basi wanamheshimu nani?"

Baraza likacheka. Na mie nikacheka, kicheko cha kulazimisha.

Bi Sauda alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, wala hakuinua kichwa. "Mwanangu Shabani, huo wali unatokea wapi?"

"Jikoni, mama."

"Mchele anachagua nani?"

"Mchele wa mwezini hauna mawe."

"Nazi anakuna nani?"

"Kuna mashine."

"Na maji?"

Sikuwa nimeweka maji mwezini. Kurasa arobaini, vyeo kumi na saba, wimbo wa taifa beti tano, tone la maji hakuna. Katika kubabaika nikasema, "Wanaoteka ni wanawake, mama. Lakini wanawake wa kule hawachoki."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Sauti ya Zaina ikatoka dirishani, ya upole kabisa: "Basi mie huko siendi."

Bi Sauda akaweka ungo chini, akaingia ndani, nami nikajua anafuata barua yangu anirudishie mbele za watu.

Akatoka na madebe mawili na mzega wa kubebea.

"Kaniletee maji," akasema. "Ukirudi tutazungumza."

Nikafika bombani. Kuna mstari mrefu wa madebe, watu hakuna, wanawake wako kivulini wanasukana. Mie msomi nikaona vyombo vitupu visivyo na wenyewe. Nikavisogeza kwa mguu, nikaweka vyangu mbele.

Nilizungukwa kabla sijafungua maji.

Kumbe debe likiwa kwenye mstari ni mtu kamili, huligusi. Mjamzito anapita mbele. Aliyefiwa anatekewa na wenzake. Ukichota kupita kiasi siku maji yanatoka kwa shida, kesho unakuwa wa mwisho. Na hakimu yupo, Bi Tatu, mama wa makamo ambaye hakupigiwa kura na yeyote. Walimwachia kazi hiyo kwa sababu hakuwahi kumpendelea hata dada yake.

Bi Tatu akanihukumu nijaze kwanza madebe yote niliyoyasogeza. Kumi na manne.

Nikauliza kama kuna rufaa.

"Ipo," akasema. "Unaanza kuyajaza upya."

Nilirudi magharibi inaingia, mabega yanawaka, na nusu ya maji nimeyamwaga njiani. Bi Sauda akachungulia kwenye madebe, akanitazama. "Haya, serikali ya mwezini ikoje?"

"Mama, sijui. Naomba wiki moja."

"Leo ndiyo umesema kitu," akajibu.

Wiki ile kila nikitoka kazini nilipitia bombani, nateka na kuuliza. Nikafuta vyeo kumi na tano. Nikaweka kisima kimoja, foleni, wezi wa zamu za wenzao, na mashine ya nazi inayoharibika na fundi anayetaka kubembelezwa. Nikaandika pia kwamba wanaume wana siku zao za kuteka. Hapo kalamu ilisita, maana nilijua nikilisoma hilo barazani litanifunga mimi mwenyewe. Nikaliacha libaki.

Jumapili nikasoma tena. Nilipomaliza, Mzee Komba akatikisa kichwa. "Shabani, hapa si mwezini. Hapa Temeke."

Wote wakaafiki. Roho iliniuma, nikajua hadithi imekufa na posa imekufa nayo.

"Ni kweli," akasema Bi Sauda. "Lakini huku sasa naweza kumpeleka mwanangu." Akageukia dirishani. "Zaina, umezisikia hizo siku za wanaume?"

"Nimezisikia, mama. Na baraza zima limesikia."

Kesho yake mjomba akapata jibu.

Wakuu, nililojifunza ni kwamba ukitaka kuunda dunia mpya, usianze na mfalme. Anza na anayeteka maji, ujiulize akigoma kesho itakuwaje. Ukishalijua hilo, mfalme utamjua bila kutafuta.

Nyie mnaoandika story za anga, wekeni miji yenu hapa chini tuipekue. Na wale wa "ni movie tu", tuambieni kwanza nyumbani kwenu maji anateka nani.