Dhamana ya Shemeji

Kaka yangu ni fundi seremala. Mtaani wanamwita Randa, kwa kuwa hana maneno mengi; anapita tu juu ya jambo, linanyooka. Nyumba yake aliijenga kwa mikono yake, chumba kimoja kimoja, watoto wakizaliwa.

Mdogo wa mkewe alishtakiwa kwa wizi wa nyaya za umeme. Mkewe akambembeleza sana, mpaka Randa akaenda mahakamani kumdhamini. Mimi nilimsindikiza. Aliweka hati ya nyumba.

Karani alikuwa mtu wa kupenda kueleza.

"Mzee, dhamana unajua ni nini?"

"Namtoa, halafu siku ya kesi anarudi."

"Neno lenyewe limetoka kwa Waarabu. Kwao ni kubeba jukumu la mwenzako. Kwa hiyo kuanzia sasa huyu umembeba wewe. Asipofika, nyumba huna."

Kijana akatolewa, tukaondoka naye. Tulipofika karakana yake ya uani, akamwingiza shemeji yake kwenye stoo ya mbao, akatia kufuli.

"Shem, utani gani huu?"

"Utani tutafanya kesi ikiisha."

Chakula alipitishiwa dirishani. Kijana yule alikuwa na pumu tangu utotoni, na stoo ilijaa vumbi la mbao. Haukupita muda akaanza kukohoa.

"Shem, nifungulie nipate hewa kidogo."

"Hewa ya kukimbilia wapi?"

Nilimnunulia dawa ya kuvuta, nikaipitisha palepale dirishani. Nikamwambia kaka, huyu mtu anaumwa kweli. Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ubao aliokuwa akiupiga msasa, "Wewe umeweka nini kule mahakamani?"

Mkewe naye akaja. "Baba, mdogo wangu atakufa humo ndani."

"Akitoroka, wanao watalala wapi?"

Mama wa watu akarudi jikoni.

Asubuhi ya kesi tulifungua mlango tukamkuta ameketi juu ya mbao, midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi kwa mabega. Kusimama hakuweza. Tukampakia kwenye mkokoteni wa kubebea mbao, Randa akisukuma, mimi nikimshikilia kichwa, mkewe akitufuata nyuma. Kwenye njia panda, hospitali ilikuwa kulia.

"Hospitali kwanza," mkewe akalia. "Nakuomba, baba."

"Akiitwa tu, tunageuza. Wakimkosa, tumekwisha."

Akakata kushoto.

Kwenye baraza la mahakama tulisubiri kesi za wengine ziishe. Jina lilipoitwa, Randa alimnyanyua mikononi kama mtoto mchanga, akaingia naye.

"Mheshimiwa, huyu hapa. Nimemleta."

Hakimu alivua miwani, akawapigia kelele askari watafute gari. Walilipata. Kijana alikata roho kabla halijatoka getini.

Kesi ikafutwa, kwa kuwa mshtakiwa hayupo tena duniani. Karani alimrudishia Randa hati yake, safari hii bila maelezo yoyote. Matanga yalipoisha, mkewe alifunga nguo za watoto, akasimama uani.

"Nyumba yako si hiyo? Kaa nayo."

Akaenda kwao, na mpaka leo hajarudi. Nami nikipita kumjulia hali kaka, namkuta amekaa kizingitini, mlango wazi nyuma yake. Namwambia tuingie ndani, kuna baridi. Ananiambia nitangulie.