Packet zilizopotea kwenye nikahi ya dada yangu

Wakuu, salaam aleikum. Humu mimi ni msomaji tu, leo nimejikaza kuandika. Niliishia darasa la nane, kwa hivyo nivumilieni. Nisemayo ni kweli, wallahi.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Shika Adabu, internet yetu na ya majirani hupitia kompyuta kuukuu niliyoigeuza router.

Juzi dada yangu Mwanaisha aliolewa. Baba yuko kazini Arabuni. Alipewa ruhusa fupi tu, azungumze na sheikh kwa video.

Baba akaanza: "Sheikh, nime... nangu... yake..." Sauti ikakatika.

Sheikh akatikisa kichwa. "Maneno ya nikahi siyapokei vipande. Kama hasikiki, aandike ujumbe, ndugu wa bibi harusi aoze kwa niaba yake."

Nduguye ni mimi. Mimi ambaye hata dukani huagiza kwa kunong'ona.

Mjomba Athmani akacheka: "Mtambo wako una kigugumizi kama wewe, mpwa wangu!"

Nikakimbilia router. Kwenye kadi ya network, hesabu ya dropped, yaani packet zilizotupwa, ilikuwa yapanda kila nikitazama. Wageni walijaa kwenye Wi-Fi, wanashusha video.

Kwa wasiojua: kadi ikipokea packet, yaani kipande cha data, huiweka kwenye receive buffer, nafasi ya kusubiri, kisha driver, programu inayoiendesha kadi, huja kuitoa. Ni kama malori ya kabichi sokoni Kongowea na mikokoteni michache. Nafasi ikijaa, mzigo unaofuata hutupwa, na hakuna anayeambiwa.

Buffer zangu zilikuwa 256. Kadi yaweza hadi 4096. Lakini ukibadilisha, kadi huzimika kidogo. Simu ya baba ingekatika, na ruhusa yake ilikuwa yaisha.

Dada alikuwa mlangoni, amejifunika. "Fanya, Saidi. Nataka sauti ya baba."

Nikawatoa wageni kwenye Wi-Fi. Nikaandika 4096, nikabonyeza Enter.

Picha ya baba ikapotea. Watu wakaguna. Sheikh akatazama saa.

Tukapiga tena. Baba akashika. Dropped ikasimama, na sauti ikaja nzima:

"Sheikh, nimemfanya mwanangu Saidi wakili wangu, amwozeshe dada yake. Nami nataka nimsikie."

Basi nikasimama mbele ya wanaume wote, nikasema. Polepole. Baba aliitikia kwa kichwa kila neno.

Funzo: ongeza buffer kabla wageni hawajafika, na mzigo upunguze pia. Nafasi kubwa bila mikokoteni ni kuchelewesha tu.

Wenye router za kuungaunga, mmeweka ngapi? Kuna njia ya kubadilisha bila kukata simu? Nitasoma yote, ila kujibu nitachelewa.