Felicitas Achomoa Waya

Felicitas Mutayoba alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya pamba mjini Mwanza, na kila Jumamosi alipiga kinanda cha umeme katika bendi ya Shimba, pale Igogo. Kinanda kilikuwa chake. Alikinunua Bukoba kwa mmisionari wa Kilutheri aliyekuwa akirudi kwao, akakileta kwa meli, amekifunika blanketi kama mgonjwa.

Mwaka 1975 bendi ilivuka ziwa hadi Kisumu, ikapanda treni kwenda Nairobi kurekodi santuri ndefu. Shimba mwenyewe ndiye aliyeamuru tarumbeta zinyamaze.

"Dada Felicitas, jaza wewe. Nataka kinanda mwanzo hadi mwisho."

Akajaza.

Santuri ilipotoka, gazeti moja la Dar es Salaam liliiponda. Mwandishi alisema huo si muziki wa taifa linalojenga ujamaa, ni mngurumo wa jokofu la bepari. Hilo lilimuuma Felicitas, lakini alilimeza. Kilichomchoma kilikuja baadaye, Shimba alipohojiwa redioni.

"Kile kinanda ni mambo ya yule mama," Shimba alisema kwa upole. "Alitushinikiza. Sisi tunapenda ngoma zetu."

Felicitas alimfuata mazoezini. "Nilikushinikiza lini?"

"Dada, elewa. Wakubwa wanasoma magazeti. Bendi ingefungiwa."

"Kwa hiyo ukanitupa mimi?"

"Maneno tu hayo. Yatapita."

Yalipita kweli. Kisumu na Nairobi watu waliigombania santuri mpaka kampuni ikatoa nakala nyingine. Gazeti lilelile likageuza ulimi, likasifu sauti mpya kutoka kando ya ziwa. Shimba akaitwa tena redioni. Safari hii kinanda kilikuwa wazo lake; alikiota usingizini, alisema, akamfundisha binti mmoja namna ya kukipiga.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Wimbo ulipokolea, Felicitas aliinuka akachomoa waya. Gitaa likabaki linatapatapa peke yake, wachezaji wakasimama.

"Unafanya nini?" Shimba alifoka.

Felicitas alivuta kipaza sauti. "Binti uliyemfundisha anaondoka. Endeleeni na ngoma zenu."

Ng'washi, mwimbaji wao, alisogea akashika upande wa pili wa kinanda. Wakakibeba hadi nje, watu wakiwapisha.

Bendi ilirudia tarumbeta, na ukumbi ukaanza kuwa mtupu. Shimba akaja nyumbani kwa Felicitas na wazee wawili kuomba radhi. Felicitas aliwaamkia wazee shikamoo, akawakaribisha viti na kuwamiminia chai. Alimwacha Shimba amesimama mlangoni mpaka chai ikaisha.

Felicitas na Ng'washi waliendelea kupiga, sasa kwenye harusi, Igogo hadi Buhongwa. Santuri nayo iliendelea kuuzwa, jaladani picha ya Shimba ameegemea kinanda. Kila alipoikuta dukani, Felicitas aliigeuza ikatazama ukuta, na mwenye duka asithubutu kumwuliza.