Ghati, Mke Wangu, na Nyongo Iliyoziba

Ghati ni mke wangu. Anayecheka acheke amalize. Mimi Agatha wa Itiryo sikupata mtoto wa kiume, nikatoa ng'ombe wangu mwenyewe nikamwoa, mji wangu usizimike. Wakurya tunaiita nyumba ntobhu. Amezaa watoto watatu wa jina langu. Jembe lake halichoki, na mdomo wake ni mkali kuliko wangu, ndiyo maana tunapatana.

Mwaka jana macho yake yakawa manjano. Mkojo kama chai ya rangi. Akajikuna mpaka damu. Huyu anasema malaria, yule anasema karogwa. Miezi ikapotea kwa maneno ya watu wasiojua kitu! Kufika hospitali kubwa, kumbe saratani imeziba mfereji wa nyongo. Wakamwekea mrija. Miezi mitano tu, nyama ya saratani ikaota mpaka ndani ya mrija, ukaziba tena.

Tukarudi hospitali. Safari hii alikuwepo daktari mgeni, siku hiyo moja tu. Akanieleza: mpira wenye kamera unapita mdomoni mpaka kwenye utumbo, waya mwembamba unaingia kwenye mfereji, unapata moto wa umeme, unaunguza ile nyama. Halafu mrija mpya.

"Haiponyi saratani, mama. Inafungua njia, anapata muda."

"Huo muda ndio nautaka."

Ikaja fomu. Nesi akauliza, "Mume wa mgonjwa yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Akacheka. Akamwita na mwenzake aje acheke. "Bibi, acha utani. Tuandike mama mkwe, tuendelee."

"Andika mume. Ng'ombe walitoka zizini kwangu, siyo kwako."

"Kompyuta haikubali mume mwanamke."

"Basi kompyuta yenu haijawahi kuoa!"

Nikakaa kwenye kiti cha nesi, nikakataa kutoka. Wakaleta mkubwa wao, naye nikampa yake. Saa nne ikawa saa saba. Daktari akachungulia mlangoni. "Saa tisa naondoka. Mnaamua au hamuamui?"

Nikafungua mdomo nibishane na yeye pia. Ghati akajiinua kitandani.

"Mama, hiyo nyongo ni yako au yangu?"

Nikainuka kwenye kile kiti.

"Nesi, lete kalamu. Mimi ni mtu mzima, sina wazimu." Akasaini mwenyewe. "Mkitaka kugombana, gombaneni nikiwa ndani."

Wakamwingiza saa nane. Siku ya tatu mkojo ukaanza kutakata, mwasho ukapungua, akaomba ugali na dagaa. Daktari hakutuahidi mwaka. Leo analima kidogo, anapumzika, ananigombeza.

Yule nesi sijamsamehe, na mume ni mimi, hilo silirudishi. Lakini hasira inayoniamsha usiku ni juu yangu mwenyewe. Alilala pale anajikuna saa tatu nzima, nami nagombania neno. Daktari angepanda gari lake, ningerudi Itiryo nikawaambie nini watoto?