Kumtangazia Mama

Mama yangu aliujua mpira wa miguu kwa masikio. Hakuwahi kuingia uwanjani. Alipokuwa msichana, wanawake wa nyumba yetu hawakwenda mahali wanaume walipokusanyika kupiga kelele. Na mambo yalipolegea, presha ya macho ilikuwa imekwisha kumnyang'anya nuru, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Kwa hiyo mdogo wangu, ambaye nchi nzima ilimtazama miaka yote aliyocheza winga ya kushoto, hakupata kutazamwa na mama yake. Alisikiwa. Alisikiwa kwa kinywa cha mtangazaji wa redio, na sidhani kama kuna mtu jukwaani aliyemwona vizuri kama mama alivyomsikia.

Redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwetu mtaa wa Mabawa, Tanga. Siku ya mechi hakuna aliyeruhusiwa kukuna nazi wala kuburuta kiti. Mtangazaji aliposema kijana anaambaa na pembeni, mama aliinamisha kichwa upande wa kushoto, kana kwamba anampisha njia. Lugha ile ilimwingia hata akaitumia kwa mambo ya nyumbani. Paka akikutwa karibu na samaki alikuwa ameotea. Jirani aliyekuja kuomba chumvi huku akichungulia sufuria alikuwa anatafuta penalti. Mimi nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na niliwakata wanafunzi alama kwa misemo kama hiyo. Ya mama niliivumilia kwa sababu hakuna mwalimu anayemsahihisha mama yake akabaki na amani.

Kisha goti la mdogo wangu likaharibika. Mtangazaji alilitaja jeraha lile kwa sentensi moja, akahamia kwenye mpira wa kona. Mama akasubiri sentensi ya pili. Kwa muda mrefu baada ya hapo aliendelea kufungua redio na kusikiliza mpaka mwisho, hasa wakati wa kubadilisha wachezaji, akitarajia jina la mwanawe litajwe miongoni mwa wanaoingia. Halikutajwa. Siku moja akaniagiza nimpe jirani redio ile, na tangu hapo alasiri za nyumbani zikawa na ukimya ambao sikuuzoea kamwe. Nilikuwa nimeyachukia makelele yale nusu ya maisha yangu. Nilipoyakosa ndipo nilipotambua kwamba ndiyo yaliyokuwa sauti ya mama akiwa na furaha.

Mdogo wangu alirudi Tanga bila shangwe, akaanza kazi yake Pongwe. Mimi si mwepesi wa kusifu ukarimu. Nimeishi vya kutosha kuona sadaka ikipigwa picha kabla ya kutolewa, na daftari likikabidhiwa mtoto na wageni wengi kuliko kurasa zake. Yeye alipiga marufuku kamera. Kwa akiba yake alisawazisha uwanja wa vumbi kando ya barabara iendayo bara, akasimamisha magoli ya mabomba, na kila Jumamosi aliwakusanya watoto: wajukuu wa vibarua waliokuja zamani kukata mkonge, ambao kesho yake wangekuwa kanisani, pamoja na watoto wa Mabawa waliotoka moja kwa moja madrasa, kanzu zimekunjwa ndani ya mifuko. Kabla hawajaugusa mpira aliwauliza kama wamekula, na uji ulikuwa tayari kwa ajili ya wale walioinamisha macho. Asiyekuwa na viatu alipewa. Asiyekuwa na sare ya shule alishonewa. Lakini aliyembishia refa alikaa nje mpaka aombe radhi kwa maneno kamili, yenye mwanzo na mwisho. Hilo ndilo lililonivuta. Kizazi kilichozoea kutukana kwa kidole gumba, kwenye simu, kinahitaji sana kufundishwa kuomba radhi kwa mdomo, mchana, mbele ya mtu aliyekosewa.

Jambo moja tu hakulifanya: hakucheza. Alisimama nje ya mstari na filimbi yake, uzito wote juu ya mguu mzima. Watoto waliomzunguka walikuwa wamesimuliwa na baba zao habari za mguu wake wa kushoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona ukipiga mpira.

Mama hakulijua hilo. Mtu fulani alimwambia kwamba mwanawe yuko uwanjani kila Jumamosi, naye, kwa mantiki ambayo sikuweza kuilaumu, akachukulia kwamba anacheza. Kwa mama, kuwa uwanjani kulikuwa na maana moja. Akaniita.

"Nipeleke Pongwe," alisema. "Nimemsikia miaka yote nikiwa jikoni. Safari hii nataka nimsikie na miye niko pale pale."

Nilikwenda kwa mdogo wangu kabla ya kumjibu mama. Nilimkuta akikagua viatu vya watoto, akipanga vilivyochanika upande mmoja. Alinisikiliza, kisha akakaa kitako kwenye kizingiti cha mlango.

"Dada, usimwambie kwamba sichezi," alisema. "Mlete, mkalishe vizuri, halafu mtangazie. Sema nimeupata mpira, sema nimepita. Atajuaje?"

"Nimdanganye mama."

"Umfurahishe."

"Kwa uongo."

"Wewe unawafundisha watoto hadithi za sungura na fisi. Sungura gani uliyemsikia akizungumza?"

"Anayesikiliza hadithi anajua kwamba ni hadithi," nilimjibu. "Usinichanganyie mambo."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeumwa. "Mara moja tu, dada. Kama sitaki watu wengine wanione nikichechemea, yeye nitatakaje anisikie?"

Sikumwahidi chochote. Wala sikumkatalia, na hilo lilinikosesha raha wiki nzima, kwa maana nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba anayenyamaza mbele ya uongo amekwisha kuukubali nusu yake.

Jumamosi hiyo watoto wa Pongwe walikuwa wanacheza na wa Mabawa. Mama alivaa baibui jipya, akajifukiza udi kama anayekwenda harusini. Tulipanda bajaji, na njia nzima alimwuliza dereva upepo unavuma kuelekea goli gani, swali ambalo dereva alilijibu kwa adabu ingawa tulikuwa bado mbali na uwanja wenyewe.

Chini ya turubai pembeni mwa uwanja alikuwa ameketi muuza vitambaa mmoja wa mjini, mzee wa Kihindi, Mwislamu, aliyekuwa na mazoea ya kuwaletea watoto makopo ya biskuti. Maisha yake yote alikuwa shabiki wa timu iliyofungwa na mdogo wangu mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Akasimama kumpisha mama kiti.

"Asalaam aleikum, bi mkubwa."

"Waaleikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Mmoja wa wale ambao mwanao aliwaliza."

"Wako wengi hao. Weye ni yupi?"

"Wa duka la vitambaa."

"Aa, weye. Ulilia mpaka ukapandisha bei ya khanga."

Mzee akacheka, akamfungulia kopo la biskuti. Filimbi ikalia. Mama akainua uso, akangoja. Akaendelea kungoja, na wasiwasi ukaanza kuonekana kwenye paji lake.

"Mbona kimya? Hatangazi mtu?"

"Bi mkubwa, huu ni uwanja wa vumbi," alisema mzee. "Mtangazaji atoke wapi?"

"Sasa mtu ataujuaje mchezo?"

Hakuwa anatania. Mpira wa miguu, kama alivyoujua, ulikuwa kitu kinachotengenezwa kwa maneno. Hapo uwanjani alikuwa anasikia vishindo na makelele ya watoto tu, mambo ambayo angeweza kuyasikia kibarazani kwetu. Nilikohoa, nikaanza.

"Mpira uko katikati ya uwanja. Mtoto mrefu wa Pongwe ameupokea kwa mguu wa kulia, naye anakusudia kuupeleka mbele."

"Anakusudia?" mama alisema. "Mwanangu, unatangaza mechi au unasoma risala? Fanya upesi, mpira haukungoji."

Nikafanya upesi. Sijui maneno yale yalikuwa yamejificha wapi ndani yangu, lakini yalitoka: mrefu kampa mfupi, mfupi kamtoka beki, beki kabaki anatafuta miguu yake, krosi imepigwa, imepita mbele ya goli bila mwenyewe. Mzee wa vitambaa akawa ananitazama mimi badala ya mchezo. Kisha mtoto mmoja mwembamba wa Mabawa, mwenye soksi moja, akaupata mpira upande wa kushoto na kukimbia nao sambamba na mstari, nami nikasema anaambaa na pembeni.

Mama akainamisha kichwa kushoto. Sikuwa nimeuona uso ule tangu redio ilipoondoka nyumbani.

"Ndiye?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Ndiye mwanangu?"

Ng'ambo ya uwanja mdogo wangu alikuwa amesimama akitutazama. Alikuwa mbali mno kusikia, lakini alijua. Neno moja tu lilihitajika, tena fupi, na hakuna mtu pale ambaye angenisuta. Nilimtazama mama, mikono yake imeshikana mapajani, naye amejiandaa kupokea kile alichokingojea miaka mingi. Nikaona kwamba nikilisema neno lile nitakuwa nimemwondoa yeye uwanjani, nimebaki peke yangu na furaha yake niliyoitunga mwenyewe.

"Si yeye, mama. Ni mtoto wa shule ya msingi."

"Na mwanangu yuko wapi?"

"Yuko nje ya mstari, ana filimbi. Hachezi. Hajacheza tangu goti liharibike."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akaanza kuutafuta mkoba wake kwa kupapasa. "Nirudishe nyumbani," alisema.

Nimesoma vitabu vingi vinavyousifu ukweli. Hakuna hata kimoja kilichonieleza nifanye nini na mikono ya mwanamke mzee inayopapasa mkoba. Nilijaribu kumweleza habari za uji, za sare, za watoto wanaofundishwa kuomba radhi.

"Nimefurahi kwa ajili yao, Mungu amlipe," alisema. "Lakini sikuvaa baibui jipya kwa ajili ya watoto wa watu."

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuona kwamba tumesimama. Akaja kwa kuukata uwanja katikati, na watoto wakasimamisha mchezo kumpisha. Alichechemea njia nzima mbele ya kila mtu.

"Shikamoo mama. Wapi tena?"

"Marahaba. Nyumbani. Dada yako kanambia."

Hakunitazama. "Ni goti, mama."

"Goti nalijua. Nilikuwa nalikanda kwa mafuta ya nazi kabla nchi hii haijajua kama una miguu. Miye nauliza kucheza."

"Hawezi, bi mkubwa," aliingilia mzee wa vitambaa, nadhani kwa nia ya kumwokoa. "Siku hizi hata ngazi za duka langu zinampiga chenga."

"Weye nyamaza. Hukuweza kumkaba ulipokuwa na timu nzima, utamkaba leo na kopo la biskuti?"

Mdogo wangu akageuka, akauchukua mpira kwa mtoto mmoja, akaenda nao mbele ya goli la Pongwe. Watoto wakajitenga, na uwanja wote ukawa kimya.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Ameuweka mpira mahali pa penalti."

"Nani?"

"Mwanao."

Mama akakaa. "Tangaza," alisema.

Nikatangaza, wala sikumficha kitu. Nilimwambia kwamba kipa ni mtoto, amevaa glovu za mtu mzima na anazipandisha kwa meno. Nilimwambia kwamba mwanawe anarudi nyuma na kwamba mguu wa kushoto haukunjiki sawasawa. "Anakimbia," nilisema, kisha nikajisahihisha: "Hapana, anatembea haraka. Amefika. Anapiga, kwa kushoto."

"Eeh?"

"Kipa kadaka."

"Kadaka?"

"Kadaka, mama. Wala hakuruka. Mpira umemfuata mikononi."

Nilidhani nimemvunja moyo mara ya pili. Lakini mabega yake yalianza kutikisika, na baadaye sauti ikatoka, akacheka mpaka machozi yakalowesha baibui. "Kadakwa na mtoto," alirudia. "Yule aliyewaliza watu wazima. Na sasa anafanya nini?"

"Kipa amebebwa na wenzake. Mwanao anacheka nao. Ameshika goti."

"Kaumia?"

"Kaumia."

Akaacha kucheka, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mwambie asipige tena," alisema. "Nimemsikia."

Hatukuondoka mpaka mechi ikaisha. Hakuomba tena kwenda Pongwe, na alifariki kabla ya mfungo uliofuata. Katika miezi ile aliyobaki nayo, kila mgeni aliyeingia kwetu alisimuliwa habari za penalti iliyodakwa. Hakuwahi kusimulia goli hata moja kati ya yale yote yaliyotangazwa nchi nzima.

Mimi huenda uwanjani Jumamosi, nikiwasaidia watoto masomo baada ya mazoezi. Siku moja tulikaa wawili chini ya turubai, mdogo wangu na mimi, tukiwangoja watoto wamalize kunawa mikono. Nilikuwa tayari kuutetea uamuzi wangu, nilikuwa na hoja zake zote zimepangwa. Hakuniuliza habari za uongo wala ukweli.

"Ningependa angenisikia nikifunga, dada," alisema.

"Na mimi," nikamjibu.