Maziwa ya Kwetu

Juzi nilitoka Mikumi, ninakoishi siku hizi, nikaenda Msowero kumjulia hali jirani yetu wa zamani. Ni mzee sasa, miguu imemvimba. Nilipomwamkia shikamoo, alinishika mkono na hakuuachia. "Marahaba, mwanangu. Wewe tulikulea wote." Mdomo ukanijaa mate, yale ya mtu anayetaka kutapika. Niliyameza, nikakaa.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, usije ukaniona sina adabu.

Nilizaliwa kwa wafugaji waliokuwa wamepiga kambi karibu na Msowero. Aliyenizaa alifariki siku chache baada ya kujifungua. Mama yangu, huyu ninayemwita mama, alikuwa mkulima wa mpunga aliyetoka kuzika kichanga chake, na matiti yalikuwa yamemjaa hadi yanauma. Baba alinileta kwake nimefungwa shuka, kisha akafuata malisho na hakurudi tena. Haya yote alinieleza bibi tukichambua mchele, wala hakushusha sauti. Nyumbani nilikuwa mtoto kama wengine. Nilifukuza ndege shambani, nilichota maji, nililamba mwiko wa uji wa karanga, na nilichapwa nilipokosea.

Kinyaa kilianzia kwa jirani. Alikuwa akipika vitumbua barazani kwake, harufu ya iliki ikituamsha alfajiri, na kila nilipotumwa kununua alinigeuzageuza kama kuku wa mnadani. Alinitazama meno, akanipima miguu kwa macho. "Huyu ipo siku atafuata ng'ombe," aliwaambia wateja. "Damu inaita."

Siku moja, mama akiwa shambani, aliniita. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani, na katikati yao pana kibuyu cha maziwa mgando.

"Kunywa, binti. Haya ndiyo maziwa ya kwenu. Hebu tuone."

Mkubwa akikuambia kunywa, unakunywa. Yalishuka mabonge mabonge, machungu, yananuka kitu kilichokufa. Nzi alinigusa mdomoni. Nilitapika palepale, mengine yakatokea puani, na wale wanawake walicheka hadi mmoja akajifuta machozi kwa kanga. Jirani akanisogezea kibuyu tena.

"Rudia. Damu itakumbuka tu."

Mama alitokea na jembe begani. Hakupaza sauti. Alikichukua kibuyu, akanusa.

"Haya yameoza," alisema. "Hata wenye ng'ombe wao wangeyamwaga. Umemnywesha mwanangu uozo ili mpate kucheka?"

"Utani tu, dada."

"Maziwa ya kwao ni haya," mama alisema, akajigusa kifuani. Kisha akayamwaga yaliyobaki barazani, kando ya karai la vitumbua, akanishika mkono tukaondoka. Nyumbani alinisukutua kwa maji ya chumvi mara nyingi. Tangu siku hiyo hatukununua tena vitumbua pale.

Mama alipofariki, aliyelia kuliko wote msibani alikuwa jirani. "Mtoto huyu tulimlea wote," aliwaambia waombolezaji, na wale wale wa mkekani wakaitikia kwa vichwa. Bibi alikuwa ametangulia kitambo. Wajomba waliuza shamba, wakabomoa nyumba na kugawana mabati. Pale palipokuwa na jiko letu leo pana ufuta wa mtu nisiyemjua.

Miaka yote nilijiambia kwamba nikikua nitamweleza yule mwanamke anavyonichefua. Juzi tulikuwa peke yetu chumbani, na sikusema. Wajomba sizungumzi nao tangu wagawane yale mabati; ni yeye tu niliyebaki naye anayemkumbuka mama akiwa msichana. Ndiye anayejua wimbo aliouimba akipepeta, na anakiiga kicheko chake sawasawa, hadi kile kikohozi kidogo cha mwisho.

"Nisimulie habari za mama," nilimwambia.

Akaanza, akichanganya na uongo wake humo humo. Nilikaa nimegeuza uso dirishani, nikamsikiliza mpaka mwisho.